Shemeji ana kila kitabu

Safu hii inajibiwa na Shangazi wa Vitabu, aliyekaa miaka 26 kwenye dawati la kurudishia vitabu.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mume wa dada yangu ni mtu wa vitabu haswa, anasoma hata akipanda ngazi. Kila nikimnunulia kitabu, anacho. Mwaka juzi alinishukuru kwa furaha zote, kumbe siku nyingine nakuta nakala mbili zimesimama bega kwa bega kwenye rafu yake, na ile yangu bado ina utepe. Safari hii nimeona postikadi za michoro. Kuna sanduku la kadi 100 zenye majalada ya vitabu, na kuna pakiti ya kadi 12 za mchoraji mmoja, nyingi ni ndege na madirisha. Naogopa ataona nimempa karatasi. Halafu siku hizi nani anatuma kadi? Na mimi mwenyewe nikishika kalamu maneno yote yanakimbia.
Shemeji wa Msomaji

JIBU: Marahaba mwanangu. Chukua pakiti ya 12. Sanduku liache, nitakwambia kwa nini, ila kwanza nikutoe hofu ya karatasi.

Kazi yangu ilikuwa kupokea kitabu, kukikung'uta, kisha kukirudisha rafuni. Nilikuwa nakikung'uta kweli, maana msomaji akikatizwa huchomeka chochote kilicho karibu: tiketi ya basi, kibanio cha nywele, risiti, jani, siku moja soksi ya mtoto. Vyote hivyo nilivitia kwenye boksi chini ya dawati, na sikumbuki mtu aliyerudi kudai hata kimoja. Postikadi walizifuata. Mzee mmoja alikuja mara tatu kuulizia kadi yenye mchoro wa korongo aliyesimama kwa mguu mmoja. Niliipata mwishowe ndani ya kitabu cha ufugaji wa nyuki, pembe moja imekunjika, nyuma ina mistari minne tu ya mwandiko. Aliipokea, akaigeuza, akaisoma palepale amesimama, akaichomeka kwenye kitabu alichokuja kuazima. Foleni nyuma yake ikangoja. Basi hiyo ndiyo karatasi unayoiogopa.

Sasa sanduku. Si kitu kibaya. Kampuni ya uchapishaji ya Penguin ilitoa la namna hiyo mwaka 2010, kadi 100 zenye majalada ya vitabu vyake, na wapenda majalada walilifurahia. Nawajua watu hao. Watazimwaga kadi zote mezani waanze kuhesabu: hiki nimesoma, hiki sijasoma, hiki nilikiacha njiani. Mchezo mzuri wa jioni moja. Baada ya hapo sanduku linapanda juu ya kabati. Shemeji yako majalada anayo mengine mengi yenye kurasa ndani, hana haja ya picha zake.

Lakini kuna jambo ambalo mtu hulijua akishamkera mwenzake: msomaji usimpe sura. Kadi zenye wahusika wa riwaya zinapendeza sana zikiwa dukani. Tatizo ni kwamba msomaji alishamchora mhusika wake kichwani zamani, na ameishi naye miaka. Ukimletea mwingine mwenye pua ndefu na kidevu kisicho chake, atatabasamu kwa adabu, na kadi haitaonekana tena. Ndiyo maana ndege na madirisha ya huyo mchoraji wako yamenifurahisha. Mahali, chombo, mnyama, ramani, mtu aliyetupa mgongo: vitu hivi vinaingia kwenye kitabu chochote bila kugombana na kilichomo. Michoro iliyozaliwa pamoja na kitabu chenyewe, ile aliyoiona utotoni, hiyo ni habari nyingine. Hapo sura ni yake tayari.

Kabla hujalipa, igeuze kadi. Watu hununua postikadi kwa mbele, wakati kazi yote iko nyuma. Pitisha kidole gumba. Kikiteleza kama juu ya kioo, wino hautanywewa, utakaa juu ukisubiri kitu cha kuchafua. Nasema hivi nikiwa na ushahidi wa aibu. Niliwahi kumwandikia mpwa wangu kwa kalamu ya jeli kwenye kadi ya kung'aa pande zote mbili, nikapuliza puliza, nikaifungia ndani ya kitabu nilichomnunulia. Alipokifungua, ukurasa wa 87 ulikuwa umechapwa salamu zangu zote, herufi zikisoma kutoka kulia kwenda kushoto. Kitabu anacho hadi leo, na wageni huonyeshwa ukurasa wa 87. Wewe tafuta kadi ya nyuma isiyong'aa, karatasi ya gramu 300 hivi kwa mita ya mraba ili isilegee ikishikwa, na uandike kwa kalamu ya kawaida ya kubofya au penseli. Penseli haidharauliki. Maji hayaiondoi.

Ukubwa wa kawaida ni milimita 148 kwa 105, yaani robo ya karatasi ya A4. Ukiisimamisha wima inaingia hata kwenye riwaya ndogo za mfukoni.

Kuhusu maneno yanayokimbia, postikadi ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama wewe. Ya kwanza kutolewa na serikali ilitoka Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, na haikuwa na picha kabisa. Upande mmoja anwani, upande mwingine maneno machache, bila bahasha. Picha zilipokuja zikaumeza upande wa maneno, na ule wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake kwa sheria ya posta. Kwa hiyo watu wakaandika juu ya picha. Ukishika kadi za wakati huo utaona salamu zimebanwa angani juu ya mnara, zimezunguka tanga la jahazi, zimeteremka pembeni hadi kwenye nyasi. Uingereza iliruhusu mwaka 1902 upande wa nyuma ugawanywe kwa mstari katikati, anwani kulia na maneno kushoto. Marekani ikafuata 1907. Ule mstari ndio unaokuokoa. Umebakiwa na kijinafasi cha milimita 74 kwa 105, ambacho kwa mwandiko wangu ni maneno 40, na kwa mwandiko mkubwa hata 25 hayafiki.

Usiandike "kwa mpenda vitabu", hilo analijua. Andika kitu kimoja ulichomwona akifanya akisoma. Ile ya ngazi inatosha sana: "Shemeji, jana ulisimama ngazi ya tatu dakika nzima, mguu mmoja hewani. Sote tulikuwa tunangoja ukanyage." Weka jina lako. Tarehe pia iweke, miaka ikipita atataka kujua ilikuwa lini.

Umeuliza nani anatuma kadi siku hizi. Wapo wengi kuliko unavyodhani. Mwaka 2005 Mreno mmoja, Paulo Magalhães, alianzisha mpango unaoitwa Postcrossing: unapewa anwani ya mtu usiyemjua, unamtumia kadi, ikimfikia na wewe jina lako linapewa mtu mwingine asiyekujua. Lakini shemeji si lazima atume hata moja, na wewe si lazima upitie posta. Mwulize dada yako ni kitabu gani kiko kando ya kitanda na mumewe amefika wapi. Shemeji akiwa hayupo, mpe dada kadi yako iliyoandikwa aichomeke kurasa 50 mbele ya alipofikia. Isiwe karibu na mwisho, maana wako wanaochungulia mwisho wa kitabu, na sitaki kujua kama yeye ni mmoja wao. Usiibane kwa klipu ya chuma, hushika kutu na kuacha alama. Zile 11 zilizobaki mpe siku yenyewe, tupu, ndani ya pakiti yake. Bandika stempu kwenye mbili tu. Ukibandika zote utakuwa umempa kazi.

SWALI: Hujambo Shangazi. Nimeachiwa albamu ya postikadi za zamani za bibi. Kurasa zake ni za plastiki, zinanuka kama pazia jipya la bafuni. Nyingine zimegandishwa kwa gundi. Nizitoe? Na kaka yangu anataka stempu zake.

JIBU: Sijambo. Harufu hiyo ni ya plastiki ya PVC, nayo hutoa kemikali zinazoshambulia wino na karatasi. Zilizo huru zitoe wiki hii, uziweke kwenye mifuko ya plastiki nyingine, ya polipropilini, au bahasha za karatasi isiyo na asidi, mbali na jua. Zilizogandishwa ziache na ukurasa wake, kata plastiki kuzizunguka. Ukizivuta utabaki na picha mkononi na maneno ya bibi yakiwa kwenye albamu. Kaka yako asikate stempu hata moja. Muhuri wa posta juu yake mara nyingi ndio pekee unaosema kadi ilitoka wapi na siku gani.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana miaka 14, anachora postikadi za wahusika wa riwaya anazosoma. Marafiki wameanza kuzitaka kwa pesa. Kuna ubaya?

JIBU: Marahaba. Kumchorea rafiki kadi ya mkono hakuna atakayemsumbua. Kuuza ndipo pagumu. Hakimiliki katika nchi nyingi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 70 baada ya kifo chake, nyingine miaka 50, na mhusika anayejulikana huwa ndani ya ulinzi huo. Kama muda huo haujaisha, amwombe ruhusa mchapishaji kwa barua. Au achore vyake. Umenitumia sampuli tatu: wahusika wawili na paka kwenye ukingo wa dirisha. Wahusika sikuwatambua. Paka nimemchomeka kwenye kitabu ninachosoma sasa, na akianza kuuza, aniwekee pakiti moja. Korongo akiwemo nitachukua mbili.