Barua kwa mwanangu: Mata na taa yake

Mwanangu,

Umeniuliza kama taa ndogo ya umeme yafaa kuwekwa mbele ya Mata, mungu wetu Mama, siku zote tisa za Navratri, sikukuu yake, kwa kuwa mwenye nyumba wako huko Leicester, Uingereza, hataki moto chumbani. Swali hilo nitalifikia. Lakini kwanza kalash, kile chombo cha maji cha ibada, na shayiri, na hayo hukuuliza.

Picha ile ya Mata Amba juu ya chui milia uliyoichukua kwetu yatosha. Usinunue sanamu: ukishaitia uhai kwa ibada, itakudai huduma kila siku, mwaka mzima. Mata hana makuu, anachotaka ni kudumu.

Siku ya kwanza asubuhi, ukishaoga, tandika kitambaa chekundu juu ya kibao, pembe ya kaskazini-mashariki ya chumba. Chukua bakuli pana la udongo, tia udongo safi kina cha vidole vitatu, nyunyiza konzi moja ya shayiri iliyolowekwa tangu usiku, uifunike kwa udongo kidogo tu. Iwe shayiri nzima, yenye ganda. Ile ya supu imekwisha kukobolewa, haioti hata uililie. Katikati kalisha kalash ya shaba iliyofungwa uzi mwekundu shingoni, ndani yake maji, sarafu, popoo moja, mchele usiovunjika na kanku, ule unga mwekundu wa ibada, kidogo. Mdomoni panga majani matano ya mwembe, ncha nje. Ukiyakosa, ya tambuu. Juu yake nazi, si dafu, iachiwe kishungi chake, uivike kitambaa chekundu.

Kinachoharibu shayiri ni maji. Inyunyizie kwa vidole mara moja kila asubuhi. Ukimimina, siku ya nne utaona ukungu mweupe na kusikia uvundo. Kwa baridi ya huko, isogeze karibu na kipasha joto, si juu yake. Wako wanaosoma bahati katika rangi ya miche, eti ya kijani ni neema, ya njano ni balaa. Inakuwa ya njano kwa kukosa mwanga, basi. Ingawa Ba, bibi yako, naye alikuwa akiitazama kila asubuhi kabla hajanywa chai, na sijui alikuwa akitafuta nini.

Ba ndiye aliyekuwa na taa isiyozimika. Unamkumbuka: kabla ya kukata masizi ya utambi, aliwasha kwanza kitaa cha pembeni kwa moto uleule, ili ukizimika huu, ule upo. Mwaka ule mtu aliwasha panka boi usiku wa tano, taa ikazimika. Mgeni mmoja akasema mbele ya kina mama wote kwamba nyumba imepata mkosi. Mpaka leo maneno yale yananiuma. Ba hakumjibu. Alipangusa utambi, akaongeza samli, akawasha, akamwomba Mata radhi, akaendelea na sura aliyokuwa akiisoma. Durga Saptashati, kitabu cha kumsifu Mata, kina aya 700, sura 13. Hakuruka hata moja.

Basi taa. Usiahidi ile ya mchana na usiku, maana iliyoahidiwa haiachwi peke yake, nawe washinda kazini. Kama mwenye nyumba ataridhia, washa kitaa cha kijiko kimoja cha samli asubuhi na jioni wakati wa aarti, ibada ya kuzungusha taa mbele ya Mata, ukae nacho mpaka kiishe. Huko samli huganda na utambi hauinyonyi, kwa hiyo ipashe moto kwanza, na utambi wenyewe uuloweshe wote.

Asiporidhia? Moyo wangu unaikataa taa ya umeme. Haili samli, haidai mkono wako. Halafu najijibu kwamba mandir yetu, yaani hekalu, hapa Mombasa imejaa taa za umeme kuanzia mlangoni hadi miguuni pa Mata, wala sijapata kulalamika. Lakini pale moto nao upo! Ningependa sana kukwambia hapana. Sisemi. Wewe ndiye utakayeketi mbele yake, na Mata hana makuu, anachotaka ni kudumu.

Siku ya nane wape wasichana wadogo chakula kitamu, wa jirani pia wanafaa. Siku ya kumi sogeza kalash kidogo kabla ya kuiondoa, maji yake yanyunyize vyumbani kwa jani la mwembe, nazi ivunje uigawe. Miche irudishe kwenye udongo, chini ya mti wowote. Vitambaa na uzi usivitupe mtoni.

Nitumie picha ya shayiri siku ya tano, nione kama unaizidishia maji.

Mama