Kwa walimu wa ajira mpya mnaoripoti kijijini

Barua ya kupangiwa kituo ikishafika, wengi wenu mnaanza kuulizana nani anamjua mtu wa kuwahamisha. Nawaelewa, nami nilifanya hivyohivyo. Mwaka 2003 niliripoti shule moja ya kijijini mkoani Singida nikiwa na begi, godoro na mafunzo nusu. Nasema nusu kwa maana halisi. Serikali ilikuwa imefuta ada ya shule za msingi, na chini ya MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, watoto walifurika: wanafunzi kama milioni 4.4 nchi nzima mwaka 2000, zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Ili walimu wapatikane haraka, kozi ya cheti cha ualimu cha Daraja A ya miaka miwili ikagawanywa, mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni tukifundisha. Chuoni nilikuwa nimejua kuandika azimio la kazi na andalio la somo, na zana zangu za manila zilikuwa nzuri kweli. Kisha nikakabidhiwa darasa la kwanza lenye watoto 94, wengi wao nyumbani wakizungumza Kinyaturu tu.

Darasa la pili lilikuwa la mwalimu mmoja ambaye sisi vijana tulimwita mzee, ingawa alikuwa na miaka arobaini na kitu. Alikuwa mwalimu wa UPE, yaani wale wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa miaka ya sabini. Mnajua neno hilo linavyotumika: mtu akikosea tahajia ubaoni, ofisi nzima inacheka, "huyu wa UPE." Nami nilicheka. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza kazini, na naieleza ili ninyi msiirudie.

Wale walimu walitoka wapi? Novemba 1974, Azimio la Musoma la TANU, chama tawala cha wakati huo, liliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Walihitajika walimu kama 40,000, na vyuo vyote nchini vikijumlishwa havikuikaribia idadi hiyo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakasomeshwa ualimu hukohuko vijijini: sehemu ya siku wanafundisha, sehemu nyingine wanasoma kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mkufunzi aliyewasimamia. Ilichukua kama miaka mitatu. Chuoni kwenyewe walikaa wiki 6 tu mwishoni, wakafanya mtihani, wakapewa cheti cha Daraja C. Zaidi ya 35,000 walipitia njia hiyo. Yalikuwepo mapungufu, tena makubwa. Hisabati ya darasa la sita na la saba iliwasumbua wengi, na mwenzangu huyo hakuficha kwamba ilimsumbua hata yeye. Lakini vijiji vingi visingekuwa na mwalimu kabisa.

Wiki ya tatu, sauti ikiwa imenikauka, nilikwenda kwake kuomba nikae nyuma ya darasa lake. Akanipeleka kwenye langu. Kwanza akawapanga watoto upya: si kwa urefu wala kwa jinsia, bali kwa kitongoji. Kila kundi likawa na mtoto mmoja au wawili waliokuwa wakisikia Kiswahili, na wenzao walioketi nao ndio haohao waliotembea nao kilomita tatu kurudi nyumbani. Somo likawa linaendelea njiani bila mimi. Kisha akaniambia niache daftari kwa wiki mbili. Tukaanza na vitu: mawe, maji, majani, kila mtoto akishika na kutaja, Kinyaturu kwanza, Kiswahili baadaye. Silabi "ma" ilipokuja kuandikwa ubaoni, walikuwa tayari wanaijua mdomoni. "Wewe ulikaa chuoni mwaka," alinitania, "mimi wiki sita. Zilizobaki nilisomea hapa."

Kwa hiyo mwezi wa kwanza, omba kuingia kwenye vipindi vya wenzako. Usisubiri mwalimu wa taaluma akupangie.

Kosa langu la pili lilihusu jembe. Nilianzisha bustani ya shule nikiamini natekeleza Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 iliyounganisha masomo na kazi za mikono. Wazazi wakaja juu: tumewaleta wasome, jembe lipo nyumbani. Niliudhika, nikawaona wajinga. Baadaye, nikijiendeleza, nilisoma habari za Kabete nikatulia. Mwaka 1925 ilifunguliwa huko, karibu na Nairobi, shule ya Jeanes, kwa mfano uliotoka kusini mwa Marekani. Kule, mwaka 1908, Virginia Randolph, ambaye wazazi wake walizaliwa utumwani, alikuwa mwalimu wa kwanza kuajiriwa kwa fedha za Anna Jeanes wa Philadelphia ili azungukie shule za watu weusi vijijini na kuwasaidia walimu. Kabete, walimu walikuja na wake zao, wakafundishwa usafi, kilimo na namna ya kuongoza shule ndogo za vijijini, kisha wakatumwa kuzitembelea. Hilo la kumfuata mwalimu darasani kwake bado sijaona linaloshinda. Lakini elimu ya bustani iliwatia Waafrika wengi shaka, maana watoto wa walowezi hawakupewa majembe. Wakikuyu wakajenga shule zao huru, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange akaanzisha chuo cha ualimu Githunguri kwa michango ya watu wenyewe. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952.

Mwalimu Nyerere alikuwa na nia tofauti kabisa na wakoloni, hilo sibishi. Ila mzazi haoni nia. Anaona mtoto wake amerudi na matope badala ya daftari. Niliacha bustani. Kila Ijumaa nikawapa watoto sentensi mbili waende kuwasomea wazazi. Baada ya muhula mmoja na nusu, mzazi mmoja wa wale waliokuja juu alileta mwenyewe debe la mbegu za alizeti.

Mengine ni madogo. Usinakili andalio la mwaka jana. Pesa ya kujikimu ikichelewa, sema mapema kwa mwalimu mkuu, usikope dukani kimyakimya. Kikao cha MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, usikione cha kupoteza muda kwa sababu hakina posho: nenda na tatizo moja la darasani kwako, lenye jina la mada, si malalamiko.

Na siku ya kuripoti utauliza mtandao unashika wapi. Uliza tu, ni haki yako. Kwetu ulishika juu ya kichuguu nyuma ya stoo. Ukishashuka hapo, uliza nani amefundisha darasa la kwanza miaka mingi kuliko wote, na kesho yake anakuwa na kipindi saa ngapi.