"Hwambiwa haja pia": kosa la uchapaji au Kiswahili?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kwaya, na nimepewa kazi ya kuchapa maneno ya nyimbo za zamani ili yaonyeshwe ukutani kwa projekta. Nimekwama kwenye "Yesu kwetu ni rafiki", mstari wa pili: "hwambiwa haja pia". Mwenyekiti wetu anasema hilo ni kosa la uchapaji. Anataka niandike "huambiwa haja zote" ili vijana waelewe. Mama yangu, aliyekuwa akituimbia wimbo huo kila usiku taa ikishazimwa, ameapa kwamba nikigusa neno moja yeye haimbi. Nami nikiri: mpaka nafika sekondari nilikuwa naimba "waambiwa hajapia", nikiamini kuna mtu anaambiwa kuwa bado hajapia, ingawa kupia sikujua ni kufanya nini. Nani yuko sahihi? Halafu "Babaye", katika mistari inayofuata ("Tukiomba kwa Babaye, maombi asikia"), ni neno moja au mawili?

JIBU: Marahaba. Nianze na huyo ambaye hajapia, maana amenifurahisha.

Sarufi yako ya utotoni ilikuwa safi kabisa. Mtoto anayesikia kutwa hajafika, hajala, hajaoga, akikutana na "haja pia" gizani ana haki ya kuyaunganisha. Ulikuwa na kiambishi cha kukanusha, ulikuwa na mzizi, kilichopungua ni maana tu. Tena muziki wenyewe ndio uliokusukuma. Kiswahili hukaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: raFIki, HAja, PIa. Tuni tunayoimbia wimbo huu ilitungwa na Mmarekani Charles Converse mwaka 1868, kwa shairi la Kiingereza ambalo Joseph Scriven, mtu wa Ireland aliyehamia Kanada, aliliandika mwaka 1855 kumfariji mama yake aliyekuwa mbali. Mistari yake hupokezana mizani (yaani silabi) 8 na mizani 7, na mapigo mazito huangukia mizani ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba.

Sasa jaribu kwa kidole mezani. YEsu KWEtu NI raFIki: mizani 8, na mkazo umekaa karibu pale pale mdomo ungeuweka. Mstari wa pili una mizani 7, kwa hiyo pigo zito la mwisho linaangukia silabi ya mwisho kabisa, mahali ambapo Kiswahili karibu hakiweki mkazo. Matokeo yake ni HWAmbiWA haJA piA. Kila neno limekazwa pasipo pake. Kiingereza hakipati taabu hiyo, kwa kuwa kina maneno chungu nzima ya silabi moja ya kufungia mstari. Sisi hatuna. Nyimbo nyingi tulizozipokea na tuni zake zina hitilafu hii, na watoto hujaza maana zao wenyewe mle mkazo ulimohama. Nimewahi kukusanya mifano kutoka kwa marafiki, nikaacha nilipoona kila mmoja ana wake.

Tuje kwa mwenyekiti. "Hwambiwa" si kosa la uchapaji. Ni hu- ya mazoea, ile ya "hufika mapema" na "hunywa maziwa", iliyokutana na kitenzi ambiwa. Irabu u ikifuatwa na a hupenda kugeuka w. Ndiyo maana hatusemi "kuamba" tunapoeleza jambo, tunasema kwamba. Wala hatusemi "muanafunzi", tunasema mwanafunzi. Sheria ni ile ile. Kiswahili sanifu kikaikubali kwa mu- na pengine kwa ku-, lakini kwa hu- kikachagua kuacha irabu zote mbili zionekane: huambiwa, huenda, huitwa. Washairi na lahaja za pwani hawakuacha kusema hwenda na hwambiwa. Usisahau kwamba Kiswahili tunachokiita sanifu kilianza kuchongwa mwishoni mwa miaka ya 1920, Kiunguja kikachukuliwa kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Msamiati wa nyimbo hizi una harufu ya Kiswahili ambacho hakijapigwa randa hiyo.

Zaidi ya hapo kuna hesabu. Hwa-mbi-wa ha-ja pi-a ni mizani 7. Hu-a-mbi-wa ha-ja zo-te ni 8. Mwenyekiti wako anaongeza silabi ambayo tuni haina pa kuiweka. Akisisitiza "huambiwa", waimbaji wataibana iwe "hwambiwa" hata kama ukutani mmeandika vingine, na mtakuwa mmeharibu maandishi bila kubadili uimbaji. Na hiyo "zote" inaua kina: pia imekaa pale ili iitikiane na asikia ya mstari wa nne.

Lakini mwenyekiti ana hoja moja nzito, nayo ni kwamba vijana hawaelewi "pia". Hawaelewi kwa sababu wanadhani wanaielewa. Leo pia ni "vilevile", basi mtu husikia "huambiwa haja vilevile" na kujiuliza anaambiwa nini kingine. Hapa pia ina maana yake ya zamani: yote, kabisa, bila kubakiza. Kamusi bado zinaitaja, na wazee husema "vitu vyote pia". Haja pia ni haja zote, kubwa na ndogo. (Najua. Nami niliwahi kukanyagwa mguu na shangazi ibadani kwa kucheka neno haja. Haja ni hitaji. Ile ya chooni ni tafsida iliyokuja kupanda mgongoni mwa neno zuri, na sioni kwa nini wimbo ulipie.) Jambo jingine la kuwaeleza ni nani anaambiwa. Hu- haina kiambishi cha nafsi, hivyo mtenda au mtendwa lazima atafutwe nyuma, na nyuma kuna Yesu. Yeye ndiye huambiwa haja zote. Wewe uliyeimba "waambiwa" ulihamisha masikio ya wimbo kwa watu wengine.

Mwenyekiti akimaliza hapo atahamia "maombi asikia" na kudai iwe "anasikia". Mkatalie. Anasikia ingeleta mizani ya nane tena. Na asiseme njeo (wakati wa kitenzi) ya -a- imekufa, kwa kuwa huisoma kila asubuhi kwenye vichwa vya habari: Timu yatoka sare, Mwenyekiti ajiuzulu (simtakii mabaya wako). Ndani ya wimbo njeo hiyo haina saa. Anasikia ni sasa hivi. Asikia ni tabia yake, jana na kesho.

Mahali ambapo hata mimi nilikwama miaka mingi ni mwisho wa ubeti huo huo: "Kwamba tulimwomba Mungu, dua angesikia." Kwa sikio la leo mstari huu haufungi, tunasubiri nani alisema kwamba. Ila kwamba hii inafanya kazi ya kama: kama tungemwomba Mungu, dua angeisikia. Mbeba lawama ni sisi, si yeye. Na utaona kwamba na hwambiwa ni watu wa ukoo mmoja. Wote wametoka kwenye amba, kitenzi cha zamani cha kusema.

Kuhesabu mizani si ugeni tuliobebeshwa. Chukua wimbo mwingine, "Cha kutumaini sina, ila damu yake Bwana": nane, nane. Hicho ndicho kipimo cha kipande cha utenzi tangu enzi za washairi wa Lamu na Pate. Tofauti iko kwenye vina. Utenzi hutaka vipande vitatu vya kwanza viitikiane na cha nne kibebe kina kinachorudi ubeti hadi ubeti. Wimbo huu unaitikiana wawili wawili, sina na Bwana, kisha katika mistari inayofuata kutosha na kuziosha. Kwa sababu hiyo washairi wengine hununa wakisikia nyimbo za kanisani zikiitwa tenzi. Mimi sinuni. Hata huko kupindua "sina cha kutumaini" kuwa "cha kutumaini sina" ni ufundi ambao mshairi yeyote wa pwani angeutambua.

Sasa mama yako. Yeye hatetei sarufi, na ukimweleza habari za u kugeuka w atakusikiliza kwa adabu tu. Fikiria neno huambiwa. Umelisikia mara ngapi? Kwenye foleni mtu huambiwa arudi kesho, shuleni mtoto huambiwa anyamaze. Limechakaa kwa matumizi na limebeba kila kitu. Hwambiwa, ukiacha washairi na lahaja za pwani, hulikuti popote pengine. Hakuna anayelitumia kuagiza, kugomba wala kupiga soga. Kwa watu wengi lina mlango mmoja tu wa kuingilia maishani, nao ni wimbo huu. Kwa hiyo likitajwa huleta kitu kimoja tu, na kwenu kitu hicho ni sauti ya mama taa ikiwa imezimwa. Angalia msibani: ubeti wa kwanza huimbwa bila kitabu hata na wale ambao hawajakanyaga kanisani miaka ishirini, wa pili wanaanza kuvizia midomo ya wenzao, wa tatu wanabaki wakivumisha. Ule wa kwanza waliupokea kwa sikio kabla hawajajua kusoma, pamoja na pumzi na kikohozi cha aliyewaimbia. Mwenyekiti anataka kusahihisha maneno, ila kilichohifadhiwa ni sauti.

Kwa hiyo chapa "hwambiwa haja pia" kama ilivyo. Kama projekta yenu ina nafasi, weka chini kwa herufi ndogo: pia = zote; kwamba = kama. Inatosha. Msiweke alama ya kudondosha baada ya h, hakuna kilichodondoka.

Babaye ni neno moja, bila kistari. Ni baba yake, kwa ufupisho ule ule wa mamaye, nduguye na mkewe, na katika wimbo huu linaanza kwa B kubwa.