Kabla hujamhamisha mzee, mwaga mfuko wa dawa zake mezani

Ndugu, nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Mzee wako ana miaka 78, amefiwa na mkewe, anaishi peke yake Kaloleni, ameshaanguka mara moja, na nyinyi watoto mmegawanyika: wawili mnataka aje kwako Kitengela, kaka yako anasema aachwe alipo. Sijaona mahali uliposema yeye mwenyewe anataka nini. Sikusuti. Nauliza kwa sababu na sisi mama hatukumuuliza, na tulilipia.

Mama yetu ni wa Majengo, Pumwani, hapa Nairobi, toka azaliwe. Ana sukari na presha. Kila alfajiri akishaswali huweka karai mlangoni akaanza kukaanga mahamri, sufuria ya mbaazi pembeni, na watu wanaoteremka soko la Gikomba hununua wakipita. Mwaka 2022 alianguka usiku akienda chooni, mkono ukateguka kifundoni. Tukafanya kikao kwa simu, dakika ishirini tu, tukakata shauri kwamba mama hawezi tena kukaa peke yake. Wiki iliyofuata alikuwa kwangu South C, ghorofa ya tatu, ana chumba chake, runinga yake na dada wa kazi wa kumpikia. Nilijiona mtoto mwema kweli kweli.

Miezi miwili haikuisha, akawa mtu mwingine. Yeye ndiye alikuwa akinitajia mimi bei ya unga. Sasa ananiuliza leo ni siku gani. Siku moja saa kumi na moja alfajiri nilimkuta jikoni amejifunga leso, amekaa kwenye stuli mbele ya jiko la gesi ambalo hata halijawashwa, mikono imelala mapajani. Nikamwuliza, "Mama, nikupikie chai?" Akasema, "La, mwanangu. Nimeamka tu. Mwili umezoea."

Tukaanza kunong'onezana kwamba ni ule ugonjwa wa kusahau. Kwa bahati nzuri, daktari wa kliniki ya sukari akaniambia nirudi na kila dawa iliyomo nyumbani, hata za zamani, hata za mitishamba. Nilimwaga mfuko mezani kwake. Dawa ya kupunguza maji mwilini ilikuwamo mara mbili, kwa majina mawili tofauti: moja ya kituo cha afya, nyingine tuliyonunua duka la dawa siku ambayo kituoni ilikuwa imekwisha. Mama alikuwa akimeza zote, na moja alikuwa akiimeza baada ya Isha.

Daktari akampima presha ameketi: ya juu 146. Akamsimamisha, akangoja dakika tatu, akapima tena: 118. Hapo nikaelewa anguko lote. Mkojo unamwamsha usiku wa manane, anasimama ghafla, damu inachelewa kufika kichwani, na njia ya kwenda choo cha uani haina taa. Kipimo cha damu kikaonyesha chumvi imeshuka mwilini, na mzee akishukwa na chumvi huweza kuchanganyikiwa vilevile ulivyosema mzee wako "anapotea kidogo". Dawa moja ikaondolewa, iliyobaki ikahamishiwa asubuhi. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, mpeleke na mfuko wake wote, na uombe apimwe presha ameketi na amesimama. Macho pia yaangaliwe, mtoto wa jicho huangusha wazee wengi.

Mama alirudi Majengo. Tulitumia kama shilingi 18,000 hivi: taa ya sola uani, vyuma viwili vya kushikia ambavyo fundi alivifunga kando ya choo, saruji pale penye kile kidaraja kibovu. Ndoo ya usiku aliikataa kabisa, akasema yeye si mtoto. Tukaiacha. Kijana wa jirani humchotea maji na kumbebea unga, yeye anakaanga.

Pesa ndiyo ilikuwa kisirani. Dada yetu mkubwa alikuwa akimtumia mama kwa M-Pesa, mimi nanunua dawa, kaka anadai ametoa na hakuna aliyeona. Siku hizi kila mtu ana lake. Kaka analipa SHA, bima ya afya ya serikali, ambayo kwa asiye na mshahara huanzia shilingi 300 kwa mwezi na hutakiwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Mimi ni dawa na kliniki. Zile 2,000 za mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa waliotimiza miaka 70, ni za mama mwenyewe. Hatuzihesabu na hatuulizi zimeenda wapi. Kama mzee wako hajaandikishwa, anzia kwa chifu.

Tuligombana tena Ramadhani. Tulimkataza kufunga kwa ajili ya sukari, akafunga kwa siri na kutudanganya kwamba amekula. Hilo lilinitisha kuliko lile anguko. Mwaka uliofuata tukaenda kwa daktari mapema, akabadilisha saa na vipimo vya dawa, akampa sharti: atoboe kidole mchana apime sukari, ikishuka chini ya 3.9 kwenye mashine afungue hapo hapo. Imamu naye akamhakikishia kwamba kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Alifunga siku 19. Zilizobaki alilisha maskini, na wa kuwalisha aliwachagua mwenyewe.

Kaka yako yuko sawa nusu. Mkimwacha Kaloleni halafu kila mtu ashike hamsini zake, mtamzika mapema. Na ipo siku ya kuhama: akianza kuacha moto unawaka, au akipotea njia ya nyumbani kwake hata baada ya dawa kurekebishwa. Sisi tumeshalizungumza na mama angali na akili zake timamu. Amesema siku hiyo ikifika ataenda kwa dada Mombasa, kwangu ngazi ni nyingi mno.

Jumamosi ni zamu yangu ya kumpeleka kliniki. Jana amenipigia: nisifike kabla ya saa tatu, mahamri yatakuwa hayajaisha.