Kuruka majabali kwa ski: swali si urefu, ni mahali pa kutua

Ndugu mwanzisha uzi, umeuliza mambo mawili: iwapo vijana wanaoonekana kwenye video wakiruka majabali marefu kwa ski (mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji) na kuondoka wazima wanaokolewa na ujuzi au na bahati, na iwapo umruhusu mpwa wako anayesoma Lausanne ajiunge na wenzake wanaoanza mchezo huo. Ninafanya kazi katika karakana ya ski huku Valais, Uswisi, ambako kazi yangu ni kunoa kingo za ski, kuziba nyayo zake zilizochubuliwa na mawe na kupima vifungio vinavyoshika kiatu kwenye ski, na siku za mapumziko huruka miamba midogo ya mita tatu au nne. Nitajibu kama fundi na kama mrukaji wa kawaida.

Tuanze na urefu, kwa kuwa ndio unaowashangaza watazamaji, ingawa waliozoea mchezo huu huuliza kwanza habari ya mahali pa kutua. Mtu anayeanguka mita 20 hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa. Theluji ikimsimamisha ndani ya mita moja, mwili wake hubeba kwa wastani nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake. Ikimpa mita mbili, nguvu hiyo hupungua kwa nusu. Na kama chini kuna barafu au theluji iliyoshindiliwa, hakuna mazoezi ya miguu yatakayomfaa. Mteremko nao una kazi yake. Anayetua kwenye mteremko wa digrii 45 huendelea kushuka badala ya kusimama ghafla, kwa hiyo kishindo ambacho miguu na theluji hulazimika kukimeza papo hapo huwa na takriban nusu tu ya nishati ambayo angekutana nayo kwenye tambarare. Ndiyo maana jabali la mita 8 lenye tambarare chini yake huvunja watu pingili za uti wa mgongo na kuwakata ligamenti za magoti, ilhali mrukaji hodari anaweza kupita mara mbili ya urefu huo na kuendelea na safari yake, mradi chini pawe mteremko mkali wenye theluji laini.

Hapo ndipo ulipo ugumu ambao video hazionyeshi. Mrukaji hutafuta mteremko mkali, theluji nyingi, mpya, isiyokanyagwa na mtu. Maporomoko ya theluji ya aina ya bamba, yaani tabaka zima la theluji linapokatika na kushuka kwa pamoja, ambayo ndiyo huua watelezaji wengi, huanzia zaidi kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45, na hutokea hasa baada ya theluji nyingi kuanguka au baada ya upepo kuirundika upande mmoja wa mlima. Mahali ni pale pale na siku ni ile ile. Tena mrukaji hapiti juu ya bamba hilo taratibu. Hutua katikati yake kwa kishindo kinachozidi kwa mbali uzito wa mtelezaji wa kawaida. Akingoja siku mbili tatu mpaka theluji itulie, anakuta imegandamana, au imechimbwa mashimo na waliotua kabla yake, na kutua ndani ya shimo la mwenzako ni sawa na kutua kwenye tambarare. Uamuzi wote wa mchezo huu umo katika dirisha hilo jembamba, na kwa maoni yangu wengi wanaoumia walihesabu upande mmoja tu: ama ulaini wa mahali pa kutua, ama hatari ya poromoko.

Mifano ya waliovunja rekodi inaonyesha jambo hilo vizuri. Mmarekani Jamie Pierre aliruka jabali la takriban mita 78 karibu na Grand Targhee, Wyoming, mwezi Januari 2006. Alitua kichwa chini, akazama kwenye theluji nzito, akafukuliwa na wenzake akiwa na jeraha dogo la mdomo. Mwaka 2008 Fred Syversen wa Norwei alikosea njia wakati wa kupigwa picha, akajikuta hewani juu ya jabali la mita 107, akajilaza ili atue kwa ubavu na mgongo, akatoka na jeraha la ini ambalo halikumuua. Hakuna kati yao aliyetua kwa miguu akaendelea kuteleza. Katika urefu wa namna hiyo mwili huwa mzigo unaotupwa, na kinachookoa ni kina cha theluji na pembe ya mteremko, pamoja na busara ya kutojaribu kusimama. Pierre alifariki Novemba 2011 huko Snowbird, Utah, si kwa kuruka jabali bali kwa poromoko la theluji.

Sasa niseme ya karakanani, ambayo watu huyasahau. Kila kifungio kina namba inayoamua ni nguvu kiasi gani itakayoachia kiatu. Kwa mtelezaji wa kawaida namba hiyo hupatikana kwa uzito, kimo, umri, urefu wa soli na namna anavyoteleza, na wengi hubaki chini ya 10. Warukaji huja wakitaka 14 au 16, kwa sababu kifungio kilicholegezwa kikiachia wakati wa kutua, mtu hujikuta juu ya mawe na ski moja. Hoja yao ni ya kweli. Lakini kifungio hicho hicho hakitaachia mguu ukipindwa polepole, na goti ndilo litakalolipa. Kijana wa kilo 65 anayeniomba namba aliyoisikia kwa bingwa huwa namkatalia, hata akinuna. Shane McConkey, mmoja wa walioukuza mchezo huu, alifariki tarehe 26 Machi 2009 katika milima ya Dolomiti, Italia, aliporuka kwa ski akiwa amevaa vazi la kupaa na mwavuli, na ski zake zikakataa kuachia kwa wakati. Huo ni mchezo mwingine, ulio mbali zaidi, ila unaonyesha jinsi uhai unavyoweza kuning'inia kwenye kifungio.

Faida zipo, nami sizidharau. Ya kwanza ni kusoma mlima. Katika mashindano ya ski ya Bec des Rosses, mlima wa mita 3,222 hapa kwetu juu ya Verbier, washindani hawaruhusiwi kuujaribu uso wa mlima kabla. Huutazama kwa darubini, huchagua njia na kuikariri, kisha siku ya shindano huishuka mara moja. Waamuzi hawatoi alama kwa urefu wa jabali peke yake, bali hutazama pia ugumu wa njia, udhibiti, mtiririko na ufundi, na anayeruka jabali kubwa kisha akabiringika hupoteza kuliko aliyeruka dogo na kutua imara. Kijana aliyefunzwa kwa kipimo hicho hujifunza subira. Faida nyingine ni vifaa: McConkey ndiye aliyesukuma wazo la ski pana zilizoinuka ncha zote mbili, na leo hata wazee wanaokodi ski karakanani petu hufurahia ski za namna hiyo kwenye theluji nene. Furaha ya kuwa hewani sitaieleza. Aliyeionja anaijua, na asiyeionja haimpungukii kitu.

Kuhusu mpwa wako, mimi ningemruhusu kwa masharti. Kwanza asome kozi ya maporomoko na awe na kifaa cha kutafutiana (hutoa mawimbi ya kumwonyesha aliyefukiwa alipo), ufito wa kuchomea theluji na sepetu, pamoja na wenzake wanaojua kuvitumia, maana aliyefukiwa ana dakika kama 10 hadi 15 kabla matumaini hayajashuka kwa kasi, na helikopta mara nyingi huchelewa kuliko hapo. Asome kila jioni taarifa ya maporomoko ya SLF, taasisi ya utafiti wa theluji ya Davos, na siku za kiwango cha 3 cha hatari au zaidi aache majabali. Kiwango cha 4 huwatisha watu wakabaki nyumbani, lakini cha 3 huwaacha wajishauri, na ndicho kinachochukua wengi. Kila mahali pa kutua apakague kwa miguu au kwa ufito kabla ya kuruka, kwa kuwa jiwe lililofunikwa na sentimita 30 za theluji halionekani kutoka juu.

Bima nayo aitazame mapema. Bima ya lazima ya afya ya Uswisi hulipa nusu tu ya gharama za uokoaji, tena zisizozidi faranga 5,000 kwa mwaka, na akiwa na bima ya nje ya nchi aisome upya kuhusu ski nje ya njia rasmi. Huku Valais helikopta nyingi ni za Air-Glaciers na Air Zermatt, kwa hiyo kabla hajanunua kadi ya uanachama wa uokoaji aulize kwanza ni kampuni ipi inayoruka eneo atakalokwenda.