MRI ilionyesha madoa mawili, ultrasaundi ikapata la tatu

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Juzi tulikuwa na mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa hadi kwenye ini. MRI, kile kipimo cha picha kwa sumaku, ilionyesha madoa mawili. Tumbo lilipofunguliwa, daktari bingwa akalaza probu ya ultrasaundi (kile kichwa cha mashine kinachotuma na kupokea mawimbi ya sauti) juu ya ini lenyewe, akapata doa la tatu, na mpango wote ukabadilika. MRI si ndiyo kipimo bora? Na kama ni kutafuta vivimbe, mikono haitoshi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. MRI ni bora kweli, na bila hiyo hatuingii chumbani. Ila ilipigwa kabla ya siku ya upasuaji, kutoka nje, kwa mtu anayepumua, na ini hupanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Doa la milimita chache hupotea humo kirahisi.

Ultrasaundi ya juu ya ngozi ina shida yake: mawimbi lazima yapenye mafuta, misuli na mbavu, kwa hiyo tunatumia masafa (kasi ya mitetemo ya mawimbi) ya chini, kama megahezi 2 hadi 5. Yanafika mbali, lakini picha yake si kali. Probu ikigusa ini moja kwa moja, vizuizi hivyo havipo. Tunapanda hadi megahezi 5 hadi 10, na vitu vidogo vinajitokeza.

Mikono usiidharau. Kilicho kirefu ndani ya ini kidole hakikifikii, lakini kilicho juu juu kidole hukihisi vizuri kuliko mashine, kwa sababu milimita za kwanza chini ya probu huwa ni ukungu mtupu. Ndiyo maana utasikia unaombwa maji ya chumvi ya uvuguvugu: tunayamwaga, tunainua probu kidogo ielee ndani yake, na ule ukungu unabaki kwenye maji badala ya kwenye ini.

Kinachopata doa, kwa maoni yangu, ni utaratibu wa mkono kuliko ubora wa mashine. Naanza pale mishipa mitatu ya vena ya ini inapoingia kwenye vena kuu inayorudisha damu moyoni, kisha nafuata matawi ya vena ya mlango wa ini, ile inayoleta damu kutoka utumbo, sehemu moja ya ini baada ya nyingine hadi zote 8. Mkono unakwenda kama wa anayepiga pasi: kila pito linapanda kidogo juu ya lililotangulia. Tofauti ni kwamba hapa hukandamizi, maana ukikandamiza vena zinajifunga na ramani yako inafutika. Na ramani hiyo ndiyo nusu nzima ya faida ya kazi hii. Doa la tatu likiwa limeegemea vena ya kati (mmoja wa ile mitatu ya ini), mstari wa kukata hauwezi kubaki ulipokuwa.

Si kila doa jipya ni saratani. Kifuko cha maji huwa cheusi tii na nyuma yake kunang'aa. Uvimbe wa mishipa ya damu mara nyingi huwa mweupe, na ukiubonyeza hunywea. Tukibaki na shaka, kipande kinakwenda maabara ya patholojia, kinagandishwa na kusomwa mgonjwa akiwa bado na nusukaputi.

Panapotutesa ni ini lililopitia kemotherapi. Likijaa mafuta linang'aa lote, na doa jeupe juu ya ini jeupe halionekani. Madoa mengine hunywea kwa dawa hadi kutoweka kwenye picha, na kutoweka si kupona. Seli hai huweza kubaki palepale. Hapo dawa ya viputo vidogo inayochomwa kwenye mshipa husaidia: ini zima huinywa, saratani haiinywi, inabaki doa jeusi.

Kuna pia rangi ya indosianini ya kijani, inayochomwa siku kadhaa kabla na kutazamwa kwa kamera ya infraredi. Saratani iliyotoka utumbo mpana huonyesha pete inayong'aa kuizunguka. Inapendeza machoni, nakubali, lakini haioni zaidi ya takriban sentimita moja kwenda ndani, kwa hiyo haichukui nafasi ya probu. Siku mkiitumia tumbo likiwa wazi, zimeni taa kubwa za juu ya meza kwanza, la sivyo mwanga wa taa hizo utaifunika ile pete.