String.format inakulia muda wapi: yaliyonikuta kwenye faili la miamala

Mkuu, umeuliza kwa nini programu yako ya Java inayoandika faili la miamala inakwama kwenye String.format (metodi inayotengeneza maandishi kwa kufuata kiolezo), na kama kuhamia toleo jipya la Java kutatosha. Nimeipita njia hiyo hiyo, kwa hiyo nakujibu kwa urefu. Kuhama kutakusaidia, ila ni kiasi gani inategemea kiolezo chako kimeandikwaje.

Kwetu kulikuwa na kazi ya usiku inayotoa mstari mmoja kwa kila muamala, kwa kiolezo hiki:

"%08d|%s|%012d"

Yaani namba ya muamala, akaunti, halafu kiasi kwa senti. %s ni maandishi, %d ni namba nzima, na 08 ni upana: namba inajazwa sifuri mbele hadi ifike herufi nane. Tulikuwa Java 11. Kazi ilipoanza kuchelewa nililaumu databesi, nikashinda siku mbili naongeza indeksi, na hali ikabaki vilevile. Ndipo nikawasha Java Flight Recorder, chombo cha Java kinachorekodi programu inatumia muda wapi. Juu kabisa ya metodi zinazokula prosesa alikaa java.util.regex.Matcher, klasi ya Java inayotafuta maandishi kwa regex (kanuni za kutafuta ruwaza). Nilishangaa sana, maana kwenye msimbo wetu hatukuwa tumeandika regex hata moja. Nikafuata miito kurudi nyuma, moja baada ya nyingine, nikaikuta String.format.

Metodi hii ipo tangu Java 5 ya mwaka 2004, na haikumbuki chochote. Kila unapoiita inaunda Formatter mpya (objekti inayofanya kazi yenyewe ya kujaza kiolezo), inakisoma kiolezo upya kuanzia herufi ya kwanza, na enzi hizo ilikuwa inazitafuta alama za % kwa regex. Kila alama inaundiwa objekti yake. Namba zako nazo zinafungwa kwanza kuwa Integer au Long, kwa sababu hoja zinapokelewa kama Object. Mistari milioni moja ni kukisoma kiolezo kilekile mara milioni moja, ilhali hakijabadilika hata nukta.

Mwezi Septemba 2021 ikatoka Java 17, na ndani yake kuna njia ya mkato: kiashiria (alama ya % na herufi yake) chepesi kama %s au %d kilicho peke yake hakipiti tena kwenye regex. Tukahama kwa furaha. Nikarekodi upya, nikamkuta Matcher bado yupo! Nikafungua msimbo wa Formatter wenyewe, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mapema, nikaona kwamba njia ya mkato ni ya viashiria visivyo na upana. %08d yetu iliendelea kuzunguka njia ndefu. Matoleo ya baadaye yameiondoa regex hata huko, kwa hiyo kama unaweza kuruka 17, ruka.

Sisi hatukuweza kuruka, tukaandika yetu:

static void jaza(StringBuilder sb, long n, int upana) {
    String s = Long.toString(n);
    for (int i = s.length(); i < upana; i++) sb.append('0');
    sb.append(s);
}

StringBuilder, yaani objekti ya kuunganishia maandishi, ni mmoja tu: kila mstari ukiisha tunamwita setLength(0) kumfuta, kisha anatumika tena. Matcher akapotea kabisa kwenye rekodi, na kazi ya usiku ikarudi kumalizika mapema kama zamani.

Sasa hapa naomba usome taratibu. Siku chache baadaye faili letu lilikataliwa na waliokuwa wakilipokea. Kulikuwa na muamala uliorudishwa, kiasi chake ni hasi. String.format("%08d", -5) inatoa -0000005. Metodi yangu ilitoa 000000-5. Nilikuwa nimejaribu namba kubwa, namba ndogo na sifuri, hasi sikuigusa. Tangu hapo, kabla ya kubadilisha metodi ya aina hii, naendesha ya zamani na mpya sambamba juu ya data ya mwezi mzima na kulinganisha mstari kwa mstari.

Tofauti nyingine ni ya lokali, yaani mpangilio wa lugha na nchi. String.format inafuata lokali ya mashine: kwenye lokali ya Kijerumani "%.2f" inakupa 1500,50 yenye mkato, na kwenye ya Misri hata tarakimu zinageuka za Kiarabu. Long.toString haina habari na hayo. Kwa faili linalosomwa na mashine nyingine, hata ukibaki na String.format, mpe Locale.ROOT, lokali isiyofungwa na nchi yoyote.

Angalia na logi zako pia. Ukiandika log.debug(String.format(...)), stringi inatengenezwa hata kama debug (ngazi ya ujumbe wa uchunguzi) imezimwa, kisha inatupwa. SLF4J, maktaba ya Java ya kuandikia logi, ina alama ya {} kwa ajili hiyo: haijazi kitu mpaka ijue ujumbe utaandikwa. Tulizibadilisha zilizokuwa ndani ya mzunguko mkubwa. Zile zinazoandika mara moja programu ikiwaka tuliziacha, zinasomeka vizuri na hazimsumbui mtu.

Weka hapa kiolezo chako na toleo la Java unalotumia, pamoja na metodi kumi za juu kwenye rekodi yako, tuangalie pamoja.